Nyasi Zenye Hati katika Bonde la Missoula

Mji wa Missoula umo magharibi ya jimbo la Montana, huko Marekani, pale mabonde matano yanapokutana kama vidole kwenye kiganja. Mto Clark Fork hupita katikati ya mji, na maji yake ni ya baridi hata wakati wa joto. Kila upande atakaogeukia mgeni ataona mlima. Mimi nilifika mwezi wa Julai, na jambo la kwanza lililonichanganya lilikuwa jua. Sisi tuliozaliwa karibu na Ikweta tumezoea jua linalotii saa kama askari wa zamu. Huko Missoula mwezi huo lilikuwa likitua saa tatu na nusu usiku, watoto wangali wakicheza nje, na siku ya kwanza nilikula chakula cha jioni mara mbili kwa kudhani kuwa kile cha awali kilikuwa cha alasiri.

Ubavu wa mlima Sentinel, ulio upande wa mashariki wa mji, una mistari iliyolala sawasawa mfano wa makinga-maji ya shambani. Nilidhani ni kazi ya wakulima wa kale. Kumbe ni alama za kingo za ziwa kubwa lililojaa bonde lote katika zama za barafu, zaidi ya miaka 12,000 iliyopita. Leo ziwa halipo, nyumba zimejaa mahali pake, na kilichobaki ni mistari.

Jimbo lenyewe lina eneo la kilomita za mraba zipatazo 380,000, yaani kama mara moja na nusu ya Uganda nzima, lakini hesabu ya watu ya mwaka 2020 iliwakuta watu 1,084,225 tu. Ng'ombe ni zaidi ya milioni mbili. Msomaji aliyelelewa katika jamii ya wafugaji ataelewa upesi kwamba mahali kama hapo neno majani si jambo dogo.

Kwa kuwa gazeti hili husomwa sana katika kambi na vituo, itakuwa kosa kuondoka mjini bila kutaja ngome ya Fort Missoula, iliyoanzishwa mwaka 1877. Humo kiliwahi kukaa Kikosi cha 25 cha askari wa miguu, kikosi cha askari weusi chini ya maofisa weupe, kama ilivyokuwa desturi ya jeshi la Marekani siku zile. Mwezi wa Juni 1897 askari 20 wa kikosi hicho waliondoka ngomeni kwa baiskeli, wakiongozwa na Luteni James Moss, wakasafiri hadi mji wa St. Louis, mwendo wa kilomita zipatazo 3,000, kwa siku 41. Walipita katika matope, theluji ya milimani na mchanga. Jeshi lilitaka kujua kama baiskeli ingeweza kushika nafasi ya farasi, kwa hoja kwamba baiskeli haili wala hainywi. Jaribio halikuendelezwa. Farasi alibaki, majani yake yakabaki, na hayo majani ndiyo yaliyonipeleka mimi Montana.

Sharti nianze na kosa langu. Kabla ya kuingia ofisini nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na cheti changu cha ualimu ningali nacho. Baadaye niliajiriwa kama karani katika wilaya moja ya ukanda wetu wa ng'ombe. Miaka michache iliyopita ukame ulikaza, na ofisi niliyokuwamo ilinunua majani makavu kutoka mbali ili yagawiwe wafugaji. Yalikuja malori matatu. Mimi ndimi niliyeshika daftari. Nilihesabu marobota, nikapima machache kwenye mizani, nikatia mkono ndani kuona kama yameoza, nikaandika sahihi yangu. Hayakuwa yameoza. Ng'ombe waliyala kwa furaha na wengi waliokoka, wala sitaki msomaji adhani kuwa majani yale yalikuwa sumu.

Mvua ziliporudi, kila mahali tulipofungulia marobota pakaota mmea mwororo wenye majani mfano wa karoti na vijiua vidogo vyeupe. Watoto waliyachuma maua hayo wakachezea arusi. Mmea huo ndio parthenium, ambao ndugu zetu wa Tanzania huuita gugu karoti. Asili yake ni nchi za Amerika ya joto. Nchini Kenya umejulikana kwa miaka mingi. Kwetu Uganda umeonekana tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, hasa kandokando ya barabara. Mche mmoja uliokomaa huweza kutoa mbegu elfu kumi na zaidi, nao huanza kuchanua wiki chache tu baada ya kuota. Hunyima nyasi nafasi, huwasha ngozi ya wanaoushika mara kwa mara, huwasumbua wenye pumu, na mnyama akiula maziwa yake huwa machungu.

Shangazi yangu, ambaye boma lake lilipata marobota kumi na mawili kwa mkono wangu mwenyewe, alivimba mikono kwa kuung'oa akidhani ni magugu ya kawaida. Nilipokwenda kumjulia hali aliniuliza, bila ukali wowote, "Mwanangu, ile karatasi uliyoitia sahihi ilikuwa inasema nini?" Ilikuwa inasema idadi na uzito. Sikuwa na jibu jingine la kumpa.

Basi, nilipopewa nafasi ya kufuatana na maofisa wa malisho waliokwenda kujifunza Montana, nilijua swali nililokuwa nimebeba.

Kila wilaya ya jimbo lile ina ofisi ya magugu. Sitanii, ni ofisi kamili, yenye magari na wafanyakazi, na kazi yake ni magugu tu. Tulikabidhiwa kwa mkaguzi mmoja, mama wa makamo mwenye kofia pana, ambaye kabla hatujapanda gari lake alitoa brashi ngumu akasugua nyayo za viatu vyake, kisha akatukabidhi brashi ile nasi tufanye vivyo hivyo. Mwenzetu mmoja aliyevaa viatu vipya vya kung'aa aliona kama amedharauliwa. Mama yule akamwambia kwamba hata yeye mwenyewe hajiamini.

Alitueleza utaratibu wao tukiwa njiani. Tangu mwaka 1995 jimbo la Montana lina sheria ya kuthibitisha majani ya mifugo yasiyo na mbegu za magugu yaliyokatazwa. Majimbo mengi ya magharibi, pamoja na sehemu za Kanada, yanafuata kanuni zinazofanana. Mkulima hukaguliwa shamba lake likiwa bado limesimama, si marobota yakiwa tayari ghalani, na kwa kanuni ya jumla ukaguzi lazima ufanyike katika siku kumi kabla ya kukata. Sababu yake ni nyepesi. Robota likishafungwa hakuna jicho la binadamu litakaloona mbegu iliyo katikati. Hapo nilikumbuka mkono wangu nilioutia ndani ya marobota nikitafuta uozo, nikaona aibu peke yangu katika kiti cha nyuma.

Shamba tulilofika lilikuwa la mzee mmoja na mkewe, mashamba matatu ya alfalfa iliyochanganywa na nyasi, yenye kijani cha kuburudisha macho, chini ya milima. Nilidhani mkaguzi atasimama penye lango, atazame, aandike. Hakufanya hivyo. Alianza kwa kuzunguka mpaka wote kwa miguu: uzio, njia ya trekta, kingo za mfereji, hata mahali palipowekwa marobota ya mwaka uliopita. Baada ya hapo ndipo alipoingia shambani, akapenya kwa ndani mita 45 hivi, akatoka, akaingia tena mahali pengine. Jua lilikuwa kali. Mzee alitufuata nyuma akiwa na mikono mfukoni, na mkewe akatuletea maji yenye barafu, kila mtu bilauri yake.

Mama yule alikuwa akitafuta nini? Adui wao mkubwa katika bonde lile ni gugu lenye maua ya zambarau, jamii ya mbaruti, wao huliita napwidi. Lilitoka Ulaya, na tangu miaka ya 1920 limekuwa likienea Montana. Adui wa pili ni mmea wenye maua ya kijani-manjano na utomvu mweupe kama maziwa, ndugu wa mnyaa wetu tunaoupanda kuwa ua wa nyumba. Huyo wa pili ndiye aliyenitia hofu. Mizizi yake hushuka chini zaidi ya mita nne, hivyo ukiukata juu unachipua tena. Vifuko vya mbegu vikikauka hupasuka kwa kishindo kidogo na kurusha mbegu umbali wa mita nne hivi. Ng'ombe huukwepa kwa kuwa unawadhuru, bali kondoo na mbuzi huweza kuula, ndiyo maana mji wenyewe wa Missoula umewahi kuweka kundi la kondoo kwenye mlima Jumbo ili lisaidie kupunguza magugu. Niliposikia hayo nilifikiri juu ya babu zetu ambao wangeliona jambo hilo kuwa la kawaida kabisa.

Shamba la kwanza lilipita. La pili lilikuwa na michache ya napwidi penye uzio, haijatoa maua. Mkaguzi akamwambia mzee aing'oe na kuitoa pale kabla ya kukata, naye angerudi kutazama. Kanuni inaruhusu hivyo, maadamu mmea haujafikia kufanya mbegu. Shamba la tatu, lililokuwa zuri kuliko yote, lilikuwa na mfereji wa maji upande wa chini, na kando ya mfereji, kwa urefu wa kama uwanja wa mpira, ulisimama ule mmea wa utomvu mweupe, vifuko vya mbegu vimeshakaza. Mingine ilikuwa imeingia hatua kadhaa ndani ya alfalfa.

Mama mkaguzi alisimama pale muda mrefu. Walikuwa wanajuana, yeye na mzee. Nadhani hata walisali kanisa moja. Mzee alisema mmea ule umeletwa na maji kutoka kwa jirani wa juu, ambaye hana habari. Mama akajibu kwamba anajua hivyo, na kwamba mbegu haiulizwi imetoka kwa nani. Akaandika kuwa shamba la tatu halikupita.

Msomaji aelewe uzito wa maandishi yale. Majani ya shamba lile yalikuwa yameahidiwa mtu anayepeleka wageni milimani kwa farasi. Katika misitu ya taifa ya Montana hairuhusiwi kuingiza robota lisilothibitishwa, hata kama ni la farasi wako mwenyewe kwa usiku mmoja. Majani yaliyokataliwa hayachomwi. Mzee angeweza kuyauza kwa mfugaji wa karibu kama majani ya kawaida, lakini kwa bei ya chini, na mteja wake wa milimani angetafuta mahali pengine. Mkewe aliondoa bilauri zetu bila kusema neno. Mzee ndiye aliyevunja kimya, akatuonyesha mlima ulio mbele yetu na kusema kwamba baba yake alipokuwa kijana palikuwa na nyasi tupu pale, na leo ukipanda utavuka maili nzima ya maua ya zambarau. "Mtu mmoja aliliona la kwanza," alisema, "akalipita."

Majani yaliyopita hufungwa kwa kamba maalumu ya rangi mbili, zambarau na njano zilizosokotwa pamoja, au hutiwa lebo, au husafiri na hati. Askari wa msitu akisimama kwenye kichochoro cha mlimani huitambua kamba ile kutoka mbali. Nilipenda jambo hilo kwa ajili ya wasioweza kusoma. Karatasi huweza kulowa au kupotea, lakini kamba imelifunga robota lenyewe.

Siku iliyofuata tulipelekwa Ninemile, kilomita zipatazo 35 magharibi ya mji, kwenye kituo cha wanyama wa mizigo kilichoanzishwa na Idara ya Misitu mwaka 1930. Majengo yake ni meupe, safi, yamepangwa kama kambi. Humo hutunzwa nyumbu, nasema nyumbu wale waliozaliwa na punda na farasi, si wale wa mbugani. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kuwapelekea mizigo wazima-moto mahali ambapo hapakuwa na barabara, na hata leo wanabeba vifaa katika pori lisiloruhusiwa magari. Mtunzaji wao alitueleza jambo ambalo sikulijua: mbegu nyingi hupita tumboni mwa farasi zikiwa hai, hutoka baada ya siku moja hadi kadhaa. Kwa sababu hiyo haitoshi kubeba majani safi. Mnyama naye hulishwa majani safi siku tatu au nne kabla ya kuingia msituni, ili kile alichokula nyumbani akiache nyumbani.

Kuhusu changarawe nitasema kwa ufupi, ingawa kwa watu wanaoishi kambini huenda ndiyo habari ya maana zaidi. Mawe hayaoti. Lakini lundo la changarawe likikaa mwaka mmoja au miwili pembeni mwa shimo huota magugu juu yake, nayo hudondosha mbegu ndani, kisha tingatinga huchota vyote pamoja na kuvimwaga kando ya barabara mpya, mahali penye udongo uliovurugwa na pasipo na nyasi za kushindana nayo. Ndiyo sababu huko mashimo ya changarawe pia hukaguliwa, pamoja na kingo zake na mitambo yake. Hali kadhalika mabua ya ngano yanayotandazwa kwenye bustani au kwenye milima iliyoungua moto. Mtu anaweza kutandaza mabua ili kuokoa udongo, akapanda msiba papo hapo. Nikawaza juu ya vifusi vya moramu vinavyomwagwa mbele ya nyumba za maafisa wetu wakati wa ukaguzi, na yale yanayoota kandokando yake baada ya mwezi.

Wala magari ya jeshi hayakusahauliwa katika habari hii. Nchini Ethiopia gugu karoti lilianza kuonekana mnamo miaka ya 1970 kuelekea 1980, na wataalamu wengi wanadhani kwamba vita vya Ethiopia na Somalia vya mwaka 1977 na 1978 vililisambaza kwa magurudumu ya magari ya kijeshi. Wengine hutaja nafaka za msaada. Huenda yote mawili ni kweli. Kwa mwenye gari, brashi na maji kabla ya kuvuka kutoka eneo moja hadi jingine si kazi ya adhabu.

Sipendi kumdanganya msomaji kwamba hati ya Montana ni ngao kamili. Inahusu magugu yaliyomo katika orodha tu. Yasiyo katika orodha yanaweza kusafiri ndani ya robota lenye kamba nzuri kabisa. Tena hati haina nguvu kupita miguu ya mkaguzi. Mkaguzi akitazama kutoka langoni, kamba ya zambarau na njano ni pambo. Nilimwuliza yule mama kama hajawahi kushawishika kufumba macho kwa ajili ya rafiki. Akasema kila mwaka hushawishika.

Jioni ya mwisho tulipanda sehemu ya chini ya mlima Sentinel kutazama mji. Tuliposhuka, mama yule alinitazama miguu akacheka. Soksi zangu zilikuwa zimejaa vijimbegu bapa vyenye ndoano, vimeng'ang'ania kama kupe: navyo ni vya gugu mojawapo lililo katika orodha yao. Nilikaa kwenye hatua za gari nikavitoa kimoja kimoja, nikivihesabu kwa mazoea ya ukarani. Vilikuwa 43. Alivitia ndani ya bahasha, akaifunga kwa gundi, akaiweka mfukoni mwake. Laiti nisingaligeuziwa macho, vingalipanda nami ndege.

Niliporudi nilikwenda kwa shangazi kabla hata ya kuripoti ofisini. Nilikuwa nimepewa kipande kimoja cha kamba ile mpya, urefu wa mkono, nikamwonyesha na kumweleza habari ya mzee, mfereji na shamba la tatu. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa anapepeta mtama. Aliuliza kama yule mzee alilipwa chochote kwa shamba lililokataliwa. Nikamwambia hapana. Akatikisa kichwa, akasema, "Maskini, na maji ametupa."

Sasa tumekubaliana utaratibu wetu. Ijumaa jioni ninakwenda bomani na mifuko ya nailoni ya kuvaa mikononi, na vijana wa majirani, na tunang'oa yaliyoota kabla hayajachanua. Yaliyochanua tunayakata polepole tukiwa tumefunga pua na kuyatia gunia. Ofisini nimeomba fomu ya kupokea majani iongezwe mstari mmoja, wa jina la shamba yalikotoka na jina la aliyelitembelea likiwa limesimama. Ombi lingali mezani. Kamba ameifungia mlango wa banda la ndama, na wiki iliyopita alinipeleka nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna robota lililowahi kufika, akanionyesha kwa ncha ya fimbo miche mitatu midogo yenye majani kama ya karoti.